Jembe la Mgeni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sawa. Lakini hawakutuambia: akishalima, nani anamlisha?

Swali hili si la shambani tu. Kila kiangazi, Julai na Agosti, ofisi za Ufaransa hupokea vijana wa fildi. Wenyewe wanawaita stagiaires. Wapo wana wa nchi hiyo, na wapo waliovuka bahari, wakiwemo wa kwetu waliojifunza Kifaransa pale Alliance Française ya Dar au Nairobi. Huku mtaani ukisema fulani yuko Paris, washikaji wanasema ameula. Kumbe mwenzao huenda halipwi hata senti, na sheria haijavunjwa!

Mwaka 2005 vijana waliingia barabarani Paris wamevaa vinyago vyeupe, kundi lao wakiliita Génération Précaire, wakidai walipwe. Mwaka 2006 posho ikawa lazima kwa anayekaa zaidi ya miezi mitatu. Mwaka 2009 ikawa zaidi ya miwili. Miwili kamili au pungufu, ni hiari ya mwenye ofisi. Haya, hesabu mwenyewe: Julai na Agosti ni miezi mingapi? Na posho yenyewe, mwaka 2024 kiwango cha chini kilikuwa euro 4.35 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara kilianza mwaka huo kwa euro 11.65. Haifiki nusu.

Wapo watakaosema: kijana, acha tamaa, ujuzi ndio mshahara wako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hoja hii ina uzito. Mwanagenzi wa seremala huharibu mbao kabla hajatengeneza kiti, na fundi humvumilia. Anayefundishwa ana deni.

Ila tukumbuke kitu. Mwanagenzi yule alikula chungu kimoja na fundi wake. Huyu wa Paris mkate ananunua, chumba anapanga, treni anapanda. Nani anatoa hela? Baba. Asiye na baba wa kutoa, je? Huyo hainami mvunguni, maana hata chumbani hakuingia. Basi mlango unaosema unatafuta vipaji, kumbe unapima mifuko.

Mimi nina kipimo kimoja. Siku kijana akiondoka, ofisi itapungukiwa? Kama haitapungukiwa, alikuwa anafundishwa. Kama simu hazitapokelewa na mafaili yatalundikana, ile ilikuwa kazi, na kazi ina ujira. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2014 nayo inakataza kumtumia mwanafunzi kuziba pengo la mfanyakazi wa kudumu. Ila sheria haikai ofisini kutazama nani anapokea simu.

Hapo ndipo penye mtihani, ndugu msomaji. Mwenye uwezo wa kufanya bure akikubali kila kitu kimya kimya, anamsaidia nani? Anajisaidia mwenyewe, halafu bila kukusudia anateremsha bei ya jasho la asiye na uwezo. Simwambii akatae safari. Nafasi yenyewe haiji mara mbili. Namwambia kabla ya kutia sahihi aulize mambo mawili: nitafundishwa nini, na nani? Asipojibiwa, ajue amepewa jembe. Na mwenye jembe si mgeni tena. Ana haki ya kuuliza chakula.