Shika Mita, Usishike Tama

Kijana wa Kalangalala hapa Geita, chini ya meza yako kuna redio iliyokufa, sabufa iliyoungua na simu mbili zilizopasuka vioo. Umeambiwa ni takataka. Mimi nakuambia hiyo ni stoo. Ndani ya ile sabufa mna kipande kinene cha alumini cha kupozea, mna volyumu nzima, mna waya, skrubu na boksi la mbao ambalo seremala angekutoza hela nzuri kulitengeneza. Nakuomba ujenge kitu kimoja kwa mikono yako, kuanzia waya wa kwanza mpaka sauti ya kwanza: amplifaya ndogo ya hedifoni, ya valvu, inayotumia betri ya volti 12.

Utauliza kwa nini valvu, kitu cha enzi za babu. Nitakujibu kwa daftari lako la fizikia. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne wanakariri kwamba metali ikipata moto wa kutosha hutoa elektroni. Wanachora kathodi na anodi, wanaingia kwenye mtihani wa NECTA, wanatoka, wanafunga daftari. Wengi wao hawajawahi kukiona kitu hicho kikifanya kazi. Valvu ni mada hiyo hiyo iliyofungwa ndani ya kioo. John Ambrose Fleming aliitengeneza ya vipande viwili mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Lee de Forest akaweka kipande cha tatu katikati, gridi, na hapo ndipo umeme mdogo ulipoanza kuutawala umeme mkubwa. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, transista ilikuwa haijatimiza hata miaka minne tangu ivumbuliwe. Zile redio kubwa za mbao zilizokaa sebuleni kwa wazee wetu, ambazo ukiziwasha unasubiri kwanza zipate moto ndipo ziseme, zilikuwa za valvu.

Sitakudanganya kuhusu ubora. Kwa gharama hiyo hiyo, amplifaya ya transista tupu inaweza kutoa sauti safi zaidi kwa vipimo. Valvu inaongeza rangi yake kwenye muziki, na wapo wanaoipenda rangi hiyo, mimi nikiwa mmojawapo. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe likipita humo linapata mwili. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Valvu inafundisha. Hii tutakayoitumia ina miguu tisa, kila mguu una kazi yake, na kila mguu unaufikia kwa ncha ya mita bila kuhitaji hadubini. Ukiipa volti zisizo sahihi kwa sekunde chache, mara nyingi inakusamehe, wakati transista ingekuwa imeshakufa kabla hujavuta pumzi.

Mchoro wa kuanzia upo, na si siri ya mtu. Rogers Gomez alichapisha mchoro wa amplifaya ya volti 12 yenye valvu moja ya ECC82, ile Wamarekani wanayoiita 12AU7, na transista mbili za aina ya mosfeti, IRF510. Pete Millett, mhandisi wa Marekani, ana mchoro wake wa volti 48 aliouita wa mwanafunzi mwenye njaa, na jina hilo linakueleza ulibuniwa kwa ajili ya nani. Anza na huo wa volti 12. Ndani ya ECC82 mna valvu mbili kwenye kioo kimoja, moja ya sikio la kushoto na moja ya kulia. Kwa volti 12 valvu hizo hazina nguvu ya kuisukuma hedifoni, kwa hiyo kazi ya kusukuma inafanywa na mosfeti, na chini ya kila mosfeti kuna LM317 inayoshikilia mkondo usipande wala kushuka.

Hapa nakusihi unisikilize kama unavyomsikiliza kaka yako. Saketi za zamani za valvu zilitumia volti 200 na zaidi. Volti hizo zinaua, na kapasita zake zinaweza kukushika hata baada ya plagi kutoka ukutani. Usianzie huko, hata fundi mwenzako akikucheka. Betri ya volti 12 haitakurusha ukiigusa kwa kidole kikavu, ila weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya, maana betri ikipigwa shoti inaweza kuunguza waya na nyumba.

Na betri ina faida ambayo mwenye amplifaya ya gharama kubwa mjini hana. Saketi hii, ukiipa miliampea 250 kwa kila upande, pamoja na miliampea 150 za kuwasha moto wa valvu, inakula kama ampea 0.65 hivi. Betri ndogo ya sola ya ampea-saa 7, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, itakupa saa tano za muziki. TANESCO wakikata, wewe unaendelea kusikiliza. Ule mvumo wa umeme wa ukutani unaowasumbua wajenzi wa dunia nzima, kwako hauna njia ya kupita, ilmradi usiunganishe chaja wakati unasikiliza. Radi za ukanda huu wa ziwa nazo hazitakukuta umechomeka kitu ukutani.

Valvu yenyewe usitegemee kuipata kwenye duka la spea hapa mjini. Iagize. Bado inatengenezwa, Slovakia kwenye kiwanda cha JJ, na China pia. Mosfeti, rezista na kapasita vitafute Mwanza au Kariakoo, na kwa Mwanza siku hizi huna kisingizio: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko imebaki hadithi.

Kwenye kujenga sitakaa sana. Soma mchoro mara nyingi kabla ya kuwasha pasi ya kulehemu. Mguu wa 4 na wa 5 ni wa moto wa valvu, na huko ndiko volti 12 zinakoingia. Wa 1 na wa 6 ni anodi, wa 2 na wa 7 ni gridi, wa 3 na wa 8 ni kathodi. Mguu wa 9 hapa unabaki mtupu. Jambo moja linalowaangusha wengi: bati la mgongoni mwa IRF510 limeungana na mguu wa kati, ambao kwenye saketi hii umeshika chanya, na bati la LM317 nalo limeungana na mguu wake wa kutolea. Ukizifunga zote nne kwenye alumini moja bila karatasi ya maika katikati, umepiga shoti kabla hujaanza. Angalia pia mstari wa hasi kwenye kila kapasita yenye hasi na chanya, kwa sababu ukiigeuza inavimba na inaweza kupasuka usoni pako.

Sasa umewasha, na kimya. Hapa ndipo ninapokutaka uwe imara, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanaposhika tama, wanafunika boksi, wanasema elektroniki si fani yangu. Ndugu yangu, kimya hicho ndicho darasa lenyewe. Amplifaya inayolia mara ya kwanza inakufurahisha jioni moja. Iliyogoma inakupa ufundi.

Wewe umekulia kwenye mji wa dhahabu. Umewaona wachimbaji wadogo: hawachimbi mlima mzima kwa matumaini. Wanachukua sampuli, wanaosha kwenye karai, wanaangalia, wanasogea hatua, wanachukua nyingine, mpaka wanajua mwamba wenye mali umepita upande gani. Utafutaji wa hitilafu ndio huo. Usibadilishe vipuri ovyo. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na sauti ikarudi, hujajifunza kilichokuwa kibovu.

Anza na chakula cha saketi. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye hasi na uiache hapo, kisha tembea na nyekundu. Betri ina volti ngapi? Mmoja kati ya mguu wa 4 na wa 5 una volti hizo hizo, na mwingine sifuri? Usitegemee macho, kwa sababu moto wa valvu hii ni mdogo na mchana huuoni. Ziba mwanga kwa kiganja, au gusa kioo taratibu baada ya dakika mbili uone kama kina vuguvugu. Kikiwa baridi, zima, chomoa valvu, upime ukinzani kati ya mguu wa 4 na wa 5. Mita isipoonyesha kitu, uzi wa ndani umekatika. Ikionyesha omu chache, uzi ni mzima na soketi ndiyo ya kushukiwa. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kwenye soketi na kwenye volyumu kama limealikwa. Safisha kwa spiriti.

Moto upo lakini sauti hakuna? Pima mguu wa sosi wa kila mosfeti. Ukae karibu na nusu ya volti za betri, yaani 6 hivi. Ukikuta ziko juu mno au karibu na sifuri, sauti haina nafasi ya kupanda wala kushuka, na hapo unarekebisha kirekebishi kidogo cha upande huo, polepole, ukisubiri valvu itulie kila unapozungusha.

Kisha pima tundu la hedifoni kabla hujachomeka chochote. Dakika moja baada ya kuwasha, volti za moja kwa moja hapo ziwe karibu na sifuri kabisa. Zikibaki juu, kapasita ya kutolea sauti inavuja, na hizo volti zitaichoma hedifoni yako. Hata vipimo vikiwa sawa, jaribu kwanza kwa iafoni za mtaani, za bei ya chini, na usiziweke masikioni ukiwa unawasha. Weka mezani, washa, subiri, ndipo uvae ukiwa umeshusha volyumu.

Upande mmoja unalia na mwingine umelala? Badilisha nyaya za kuingizia zinazotoka kwenye simu unayochezea muziki, wa kushoto uende kulia. Ukimya ukihama, kosa liko kwenye simu au waya wake. Ukibaki pale pale, na hedifoni ni nzima, kosa liko ndani ya amplifaya, na una bahati kubwa, kwa sababu upande wa pili ni mwalimu wako: pima mguu kwa mguu, linganisha namba, na penye tofauti ndipo penye ugonjwa. Sauti inakwaruza ukigusa meza? Gonga kila kiungo kwa kijiti kikavu cha mbao mpaka ukipate kinachokwaruza, ukikiangalia utakuta risasi yake ina kunyanzi na haina mng'aro. Ipashe moto upya. Unasikia redio ya mjini au mikwaruzo ya simu wakati hujacheza wimbo wowote? Weka rezista ya kiloomu 1 kwenye gridi, karibu kabisa na mguu wa soketi. Besi imepotea? Tazama kapasita ya kutolea. Kwa hedifoni ya omu 32, kapasita ya mikrofaradi 47 inaanza kukata sauti nene chini ya hezi 106. Weka 470 na kikomo kinashuka mpaka kama hezi 10, nawe utasikia ngoma za Kisukuma za Wagika na Wagalu zikipiga chini kabisa zinakostahili kupiga.

Kila namba unayoipima, iandike. Tarehe, mguu, volti, ulichobadilisha, kilichotokea. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, aliingiza maziwa ya moto kwenye friza, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingizwa bila kuchemshwa. Alipouliza darasani alichekwa. Hakuacha. Alimuuliza pia Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule aliyokuwa amehamia, Osborne akapeleka swali hilo maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, na linaitwa kwa jina la kijana wa Kitanzania aliyeamini alichokiona kwa macho yake akakirudia. Namba zilizo kwenye daftari lako zina heshima hiyo hiyo. Mtu akikuambia haiwezekani, mfungulie ukurasa.

Na nataka wasichana wa shule ya Nyankumbu wasome haya wakijua yanawahusu moja kwa moja. Kulehemu kunataka mkono uliotulia na subira, na hivyo havikugawanywa kwa jinsia. Migodi inayotuzunguka inaendeshwa kwa mota, vihisi na paneli za umeme, na anayeitwa saa nane usiku mtambo ukisimama ni yule anayejua kufuata volti kutoka mwanzo wa saketi mpaka mwisho. Hakuna atakayekuuliza ulijifunzia kwenye mtambo wa mamilioni au kwenye valvu moja na betri ya sola. Ataangalia unavyoishika mita. Kuna vyuo vya ufundi vya VETA, na tangu 2019 kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu yanayompokea hata fundi wa mtaani asiye na cheti. Nenda na boksi lako likiwa linalia, na daftari likiwa limejaa.

Hedifoni ikishaimba, usilifunge boksi kwa gundi. Chora mchoro wako upya kwa kalamu, kwenye karatasi safi, na uandike kando ya kila mguu volti ulizozipima wewe mwenyewe siku amplifaya ilipokuwa nzima. Toa nakala mbili stesheneri. Moja ibandike ndani ya kifuniko, na ya pili mpe kijana wa jirani pamoja na zile rezista zilizobaki, kisha mwambie aanze na betri.