MOTO WA USIKU NA MOTO WA ASUBUHI

Masomo: Yoane 18:15-18 na 25-27, Yoane 21:1-17



Liko neno ambalo wazazi wa Goma, wa Bukavu na wa miji mingine ya kandokando ya ziwa Kivu wananong'ona nyumbani, lakini kanisani hawalisemi. Ni neno la usiku wa plaji. Mama amelala macho wazi, anasikiliza mlango. Binti alisema anakwenda kwa rafiki yake kusoma; saa saba ya usiku hajarudi. Alfajiri anaingia polepole, viatu mkononi. Siku ya Mungu tunamwona mahali pake katika kwaya, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Baba ananyamaza. Mama ananyamaza. Mchungaji naye ananyamaza, ama anapiga kelele tu. Basi leo tuliseme neno hili mbele ya Mungu, kwa upole lakini bila kuficha.

Kwanza tuseme ukweli: ziwa ni zuri, na Mungu ndiye aliyeliumba. Maji yake yako juu, karibu mita 1.460 kupita bahari, kwa hiyo hewa yake ni ya kuburudisha. Tena ndani yake hamna mamba wala kiboko. Ndiyo sababu tangu wakati wa Wabelgiji watu walikwenda Gisenyi kupumzika. Hoteli zikajengwa karibu na mchanga, na watu wa Goma wakazoea kupita mpaka kwa miguu kwenda kuogelea. Mchana watoto wanacheza majini, wazee wanakaa chini ya miti, mtu anakula samaki na jamaa yake. Kanisa halikatazi hayo, mradi tushike amri yetu ya kutooga uchi.

Lakini jua likishuka nyuma ya milima, plaji inabadilika. Taa zinawashwa mpaka kwenye maji. Nyama ya mbuzi inachomwa, chupa zinafunguliwa, muziki unapanda. Muziki wenyewe mara nyingi ni wetu, ile rumba ya Congo ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 katika urithi wa watu wote wa dunia. Hatudharau mikono ya wanamuziki wetu. Ila amri ya Kanisa letu ni wazi tangu mwanzo: tusinywe pombe, tusicheze dansi, wala tusiende kutazama dansi. Wengine wanasema amri hiyo ni ya zamani, ni ya kijijini. Ndugu, tutazame ziwa. Lenyewe litatueleza kwa nini amri ile ilitolewa.

FUNDISHO LA TAA

Usiku ule ule ambao wengine wanacheza ufukoni, wavuvi wako katikati ya ziwa wanatafuta sambaza. Samaki hao wadogo si wa Kivu tangu zamani; waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanalisha jamaa nyingi. Mnajua namna wanavyovuliwa. Mitumbwi 3 inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unashushwa kati yake, kisha taa zinawashwa. Mvuvi hamfukuzi samaki. Hamlazimishi. Anawasha taa, anaimba wimbo wake, anangoja. Sambaza wanapanda wenyewe kutoka gizani, wanafuata mwanga, na chini ya mwanga uko wavu.

Kijana, sikia. Hakuna atakayekukamata kwa nguvu akupeleke plaji. Utakwenda mwenyewe, ukicheka, kwa sababu kwenu hakuna umeme na kule kuna mwanga. Hatukushangai kwa kupenda mwanga. Lakini uliza swali hili moja: taa hii imewashwa na nani, na ameshusha nini chini yake? Kule kila kiti kina bei, kila chupa ina bei. Kama hukuja na pesa yako, basi mwenye kulipa amekuhesabu wewe pamoja na chupa.

Na ninyi wenye kuwasha taa, neno hili ni lenu pia. Mara nyingine mwenye kulipa ni mgeni mwenye dola, aliyekuja kupumzika na kesho anarudi kwao. Mara nyingine ni mkubwa wa mji wetu, mume wa mke mwingine. Na tunalisema kwa uchungu: mara nyingine ni mtu ambaye siku ya Mungu anakaa viti vya mbele. Sheria ya Congo ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 2009 inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Basi msichana wa miaka 15 uliyemkalisha mezani, usimwite malaya. Ni mtoto. Na Bwana amekwisha kusema habari ya jiwe la kusagia na shingo ya mtu anayemkwaza mdogo mmoja.

FUNDISHO LA MAZUKU

Watu wa Goma na wa Gisenyi wanaijua mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka katika udongo wa volkano. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kupita hewa tunayovuta, kwa hiyo inajikusanya mahali pa chini, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mbuzi anaingia katika shimo, haamki tena. Na jambo la kutisha ni hili: mtu mzima anaweza kupita mahali pale akiwa amesimama, kichwa chake kikiwa juu ya hewa ile, akaendelea na safari, mtoto aliye mfupi, au mtu aliyelala chini, anakufa mahali pale pale.

Ndivyo ulivyo usiku wa plaji. Mwanaume mwenye pesa anapita amesimama. Asubuhi anavaa koti lake, anarudi kwa mke wake na kazi yake. Lakini aliye mfupi ndiye anayeanguka: binti anapata mimba, anaacha masomo, anapata ugonjwa, jina lake linachezewa mtaani. Wote wawili walikuwa mahali pamoja, usiku mmoja. Mmoja tu ndiye aliyezikwa. Ee wazazi, tusipime hatari kwa urefu wa watu wakubwa. Tuipime kwa urefu wa watoto.

Jioni ya posho, tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilimwaga moto, na maelfu ya watu wa Goma walikimbia usiku kuelekea Gisenyi, kwa njia ile ile ya mpaka. Tusiseme kwamba waliokufa walikuwa wenye dhambi kupita wengine. Bwana mwenyewe alilikataza neno hilo alipotaja mnara wa Siloamu. Tunakumbusha hili tu: usiku ule wazazi walihesabu watoto wao kwa majina, mmoja mmoja. Kama tuliweza kuwahesabu usiku wa moto, kwa nini hatuwahesabu usiku wa muziki?

FUNDISHO LA MOTO

Sasa tufungue Maandiko. Katika kitabu cha Yoane kuna moto wa makaa mara mbili. Moto wa kwanza ni wa usiku, katika ua wa kuhani mkuu. Kulikuwa na baridi, watumishi wakawasha makaa, na Petro akasimama pamoja nao akiota moto. Hakwenda pale kwa kumkana Bwana. Alikwenda kwa sababu ya baridi. Lakini aliyeota moto wa watu wengine akasema maneno ya watu wengine, na kabla jogoo hajawika alikuwa amekwisha kumkana Bwana mara 3.

Moto wa pili ni wa asubuhi, tena uko ufukoni, kwenye ziwa la Tiberia. Petro na wenzake wamevua usiku kucha, hawakupata kitu. Kunapopambazuka, Bwana amesimama mchangani. Anawauliza kama wana chakula, hawana. Anawaonyesha mahali pa kutupa wavu. Wanapofika nchi kavu wanakuta makaa yanawaka, samaki juu yake, na mkate. Bwana anawaita wale.

Ndugu wapenzi, angalieni utaratibu wake. Bwana alijua habari yote ya moto wa kwanza. Alijua maneno yote Petro aliyosema usiku ule. Angeweza kumngoja pale ufukoni na fimbo. Lakini alianza kwa kuwasha moto. Kisha akatoa chakula. Baada ya wote kula, ndipo akamuuliza Petro swali, mara 3, kama anampenda. Na swali lile lilimchoma Petro kweli, Bwana hakulipunguza. Kisha akampa kazi ya kulisha kondoo.

Moto, chakula, swali, kazi. Sisi tunafanyaje? Binti anaporudi alfajiri tunaanza na swali, tena swali lenye matusi. Moto hakuna. Chakula hakuna. Kazi katika Kanisa tunamnyang'anya. Kisha tunashangaa kwamba posho inayofuata amerudi kule kwenye moto wa watu wengine. Baridi iliyompeleka mara ya kwanza bado iko nyumbani mwetu.

Tena kuna neno zito zaidi. Iko nyumba ambamo binti analeta unga, mafuta na pesa ya masomo ya wadogo zake, na hakuna anayeuliza vimetoka wapi. Tunakula, tunamshukuru Mungu kwa chakula, kisha siku akishika mimba tunamtupa nje na kusema ametia nyumba haya. Ee baba, kama ulikula jasho la usiku wake, haya ile ni yenu wawili. Ee mama, umasikini tunaujua, vita tunaijua, kukosa kazi tunakujua. Lakini afadhali kusema mbele ya ndugu wa Kanisa kwamba leo kwetu hakuna chakula, kuliko kunyamaza na kumwacha mtoto akatafute chakula gizani. Kusema hivyo si aibu. Ndiyo maana Kanisa lipo.

USIKU NI WETU PIA

Wengine wanafikiri usiku ni mali ya Shetani. Si kweli. Serikali ya kikoloni ilipolikataza Kanisa letu mwaka 1921, waamini walikutana kwa siri, mara nyingi usiku, porini, wakaomba kwa sauti ya chini ili wasikamatwe. Wengi walipelekwa mbali na kwao, hata Lowa. Mama Muilu Marie alilinda kundi katika miaka hiyo ya kujificha. Papa Simon Kimbangu naye alikaa gerezani miaka 30, kule Elisabethville, inayoitwa leo Lubumbashi, mpaka kufa kwake tarehe 12 ya mwezi wa kumi 1951. Kanisa lilipokubaliwa na serikali tarehe 24 ya mwezi wa kumi na mbili 1959, lilikuwa limekwisha kuishi usiku mrefu sana. Wazee wetu walifanya usiku kuwa nyumba ya sala bila taa, bila paa. Sisi tuna paa, na jioni ya posho tunafunga mlango kwa kufuli.

Basi tunawaomba mambo haya.

Wachungaji na mashemasi, mfungue nyumba ya Mungu jioni ya posho. Fanfari ipige, filimbi zilie, kwaya zijifunze nyimbo mpya, vijana wacheze mchezo wao wa kuigiza. Tuna muziki wa kutosha, tena wenye nguvu. Na watoto wasindikizwe mpaka kwao mapema.

Wamama, wekeni moto. Sufuria moja ya maharagwe, au sambaza kidogo na bugali, baada ya mazoezi. Kijana aliyekula pamoja na wengine hana haraka ya kuita meza ya mgeni.

Wababa, wahesabuni watoto wenu kwa majina kila usiku, kama usiku ule wa volkano.

Ndugu mnaofanya kazi kwenye hoteli za ufukoni, wapishi, walinzi, wafuaji wa mashuka, hatuwahukumu. Mkate wenu ni wa jasho. Ninyi mnaona yale ambayo sisi hatuyaoni. Mkimwona pale mtoto wa Kanisa, ama mtoto yeyote, mwiteni kwa sauti ya mzazi, mtafuteni wa kumrudisha kwao.

Nawe binti, nawe kijana uliyerudi alfajiri leo, viatu mkononi: usigeuke njiani kwa sababu unaogopa macho yetu. Katika Kanisa letu tunavua viatu mbele za Mungu. Umekwisha kuvua vyako, ingia. Bwana hakumngojea Petro na fimbo. Swali lake liko, nawe utalijibu. Lakini kwanza ukae, uote moto, ule.

Bwana aliyesimama ufukoni wakati wa mapambazuko awalinde watoto wetu wote usiku, awafungue macho wenye kuwasha taa, na atupe sisi wazazi makaa ya kuwasha. Katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.