Akiba Tusiyoiweka

Wataalamu wa uvuvi, wanapoandika kwa Kiswahili juu ya wingi wa samaki baharini, hutumia neno "akiba": akiba ya jodari, akiba ya dagaa, akiba ya pweza. Kwa mwenye kushughulika na tafsiri, neno hili halipiti bila ya kuulizwa. Akiba ni kile alichokiweka mtu kwa mkono wake, akajizuia kukila leo ili akipate kesho. Samaki hatukuwaweka sisi. Basi kwa haki gani twawaita akiba?

Kisa cha mbali chaweza kutusaidia. Mwaka 1883, katika maonyesho ya uvuvi mjini London, mwanasayansi Thomas Huxley alisema kwamba baadhi ya samaki wakuu wa bahari za kaskazini hawamaliziki kwa kuvuliwa. Miongoni mwao alikuwamo yule ambaye sisi wafasiri humwita chewa, kwa kukosa jina jingine, ingawa si chewa wetu wa miambani. Huxley aliweka sharti: alikuwa akizungumzia zana za wakati ule. Neno lake likakumbukwa, sharti likasahauliwa.

Zana zikabadilika. Kuanzia miaka ya 1950, meli kubwa zenye mitambo ya kugandisha samaki zilifika kwenye bahari ya Newfoundland, ambako leo ni sehemu ya Kanada. Zilikuwa na nyavu za kukokota, na chombo kinachotuma sauti kilindini na kuusikiliza mwangwi wake, hata nahodha akajua kundi lilipo bila ya kuliona. Mwaka 1968 walivuliwa huko chewa wa zaidi ya tani 800,000. Mwaka 1977 Kanada ilitwaa mamlaka ya uvuvi hadi maili 200 kutoka pwani, lakini meli zake yenyewe zikaendelea.

Waliokuwa wakiwahesabu samaki walitegemea, pamoja na safari zao za utafiti, kiasi kilichovuliwa na meli kwa muda wa kukokota. Hesabu ikapendeza, kwani samaki waliosalia walijikusanya pamoja, na meli zilijua pa kuwafuata. Kilichopimwa kilikuwa ustadi wa mkono, si wingi wa bahari. Wavuvi wa mashua ndogo walisema kwamba samaki wanapungua; hawakusikilizwa vya kutosha. Tarehe 2 Julai 1992 serikali iliufunga uvuvi huo, na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 2024.

Sisi watu wa pwani, na washairi hasa, hupenda kukihitimisha kisa kama hiki kwa kuwasifu wazee: dema lao, mshipi wao, kiasi chao. Tusikimbilie huko. Asiyeweza kuufikia mlango hasifiwi kwa kutoiba. Ngalawa haikwenda mbali. Upepo wa kusi ulimrudisha mvuvi nyumbani, naye hakujua samaki wamelala wapi. Kutojua kwake ndiko kulikokuwa hifadhi ya samaki. Huenda wapo waliojizuia kwa wema, lakini wema ambao haujajaribiwa hauna mizani.

Chombo cha mwangwi kimeiondoa hifadhi hiyo. Yale yaliyokuwa yakikatazwa na udhaifu wetu, sasa hayana wa kuyakataza ila nia yetu. Elimu haikumfanya mvuvi kuwa mwovu. Imemtwika uamuzi ambao babu yake hakuwa nao.

Lakini nani autwae uamuzi huo kwanza? Katika vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba, watu hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Wanawake wanaokwenda pwani maji ya bamvua wanayajua mashimo ya pweza. Hawazuiwi na ujinga. Wanajizuia, na siku za kufunga chungu chao ndicho kinachopungukiwa. Si haki kumtaka mwenye kapu ajizuie, ilhali mwenye meli, anayejua zaidi na anayechukua zaidi, hajaulizwa kitu.

Hapo ndipo neno letu linapopata haki yake. Samaki si akiba kwa kuwa tumewahesabu, wala kwa kuwa tunajua walipo. Huwa akiba siku ile tunapowajua walipo, tukaweza kuwafikia, kisha tukawaacha.