Korbani ya Mshahara

Somo: Marko 7:9–13

Wiki hii tunaangalia swali ambalo wenye watoto na ndugu kule Uingereza wamelisikia kwa simu, na ambalo sisi wa hapa nyumbani tunalijua kwa sura nyingine. Je, ni haki mtu kutoa sehemu ya mshahara wake, hata kabla haujafika mkononi, ili apate gari jipya?

Tangu Kenya na Uingereza zitie sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka wa 2021, mazungumzo ya wauguzi kwenda kule yamekuwa ya kawaida katika nyumba zetu. Wakifika wanakuta mpango huu. Waajiri wengi, zikiwemo hospitali nyingi za NHS, huduma ya afya ya umma, wanao. Mfanyakazi anakubali kwa maandishi kwamba mshahara wake upunguzwe, mara nyingi kwa miaka mitatu au minne. Mwajiri naye anamkodishia gari jipya kwa muda huo. Kwa kawaida bima na matengenezo yamo ndani. Muda ukiisha, gari linarudishwa. Halikuwa lake hata siku moja.

Hebu tupige hesabu. Tuseme dada muuguzi ametoa pauni 400 kwa mwezi kwa gari la umeme ambalo bei yake ni pauni 30,000. Yuko kwenye kodi ya asilimia 20 na mchango wa bima ya taifa wa asilimia 8. Kwa kuwa zile 400 zinaondoka kabla ya makato hayo, mfukoni anapungukiwa na pauni 288 tu. Kisha anatozwa kodi kidogo kwa kulitumia gari hilo. Katika mwaka wa kodi wa 2025/26, gari la umeme lilihesabiwa kwa asilimia 3 ya bei yake, kwa hivyo kwake ni pauni 15 kwa mwezi. Jumla ni pauni 303. Hesabu ni safi, na serikali yenyewe imeiruhusu.

Basi tuseme wazi: kukodi gari namna hii si dhambi. Muuguzi anayemaliza zamu ya usiku, au anayezunguka nyumba za wagonjwa vijijini ambako basi halipiti, gari kwake ni chombo cha kazi. Na wewe wa nyumbani ukiona picha ya gari linalong'aa kwenye simu, usikimbilie kusema, "Kumbe ana pesa!" Gari si lake. Usimpigie hesabu ya mali ambayo hana.

Lakini jina la mpango huu ndilo linalotusimamisha. Kwa Kiingereza wanauita dhabihu ya mshahara. Ati mfanyakazi ametoa dhabihu. Na Biblia ina maneno ya kusema kuhusu dhabihu.

Katika somo letu, Yesu anazungumza na watu wa dini waliokuwa na desturi inayoitwa Korbani. Mtu aliweza kutamka kwamba mali fulani ni wakfu kwa Mungu. Akishatamka, baba na mama yake hawakuweza tena kusaidiwa kwa mali hiyo. Angalia vizuri kile ambacho Yesu alikataa. Hakukataa watu kumtolea Mungu. Alikataa mtoto kujifunga mikono mwenyewe, kisha kuwaonyesha wazazi ile kamba na kuwaambia, "Mnaona? Siwezi." Kamba aliifunga nani?

Sasa rudi kwenye karatasi ya mshahara. Pesa zikikatwa kabla hazijakufikia, huzioni zikiondoka. Mama akipiga simu kwamba dawa ya presha imeisha, unamjibu kwa moyo safi kabisa, "Mama, mwezi huu sina." Na ni kweli huna. Hujadanganya hata neno moja. Lakini kuna siku ulikaa chini ukatia sahihi kwamba kwa miaka mitatu hutakuwa nazo, na mama hakuwepo mezani. Daudi alikataa kumtolea Bwana sadaka ambayo haikumgharimu yeye mwenyewe (2 Samweli 24:24). Mtu wa Korbani alitoa sadaka iliyomgharimu mama yake. Ni rahisi sana kuwa mkarimu kwa kitu cha mwingine.

Mama si yeye peke yake ambaye hakuwepo mezani. Kuna mtoto ambaye hajazaliwa, maana malipo ya uzazi ya kisheria kule huhesabiwa kwa mshahara uliokwisha kupunguzwa. Na kuna mwingine ambaye tunamsahau kabisa: huyo dada mwenyewe akiwa mzee. Kila mwaka wa kazi, pensheni ya NHS humwekea sehemu moja ya 54 ya mshahara wake unaohesabiwa kwa pensheni, na pesa alizotoa kwa gari hazihesabiwi. Pauni 400 kwa mwezi ni 4,800 kwa mwaka. Gawanya kwa 54, unapata karibu pauni 89. Akikaa na gari miaka mitatu, pensheni yake itapungua kwa karibu pauni 267 kila mwaka, kabla ya nyongeza za baadaye, tangu siku atakayoanza kuichukua hadi siku atakayoitwa na Bwana. Ni kweli mchango wake pia umepungua kwa hiyo miaka mitatu. Lakini yule mzee atakayeishi na hiyo pensheni hakuulizwa.

Mtu atasema, "Mshahara ni wangu. Nimeutolea jasho." Ni neno la haki, na tusilipuuze. Wako wazazi na ndugu ambao wamemfanya mtoto aliye majuu kuwa benki. Kila harambee ni yeye, kila paa la mabati ni yeye, na akisema hapana anaitwa mwenye kiburi. Hiyo nayo si haki. Anayetumaini kupewa hajawa mwenye kudai. Mjomba aliyekuwa anatarajia pikipiki hana kesi juu ya gari la mpwa wake.

Kwa hivyo mpaka uko wapi? Mimi nauona kwenye ahadi. Kuna watu unaowatakia mema, na kuna watu uliowapa neno lako. Yule mdogo wako uliyesema, "Nitakulipia karo mpaka umalize," tayari yumo ndani ya mshahara wako. Mke au mume mliyeapa pamoja yumo. Mama, kwa amri ya kuheshimu wazazi, yumo hata kama hukumwahidi kwa mdomo, angalau kwa chakula na dawa. Hao walifika kabla ya gari. Kosa huanzia pale pauni moja inapoahidiwa watu wawili, kisha yule asiye na karatasi ndiye anayeambiwa asubiri. Gari lina mkataba, mama ana sauti tu kwenye simu. Na sote tunajua nani hulipwa kwanza.

Msidhani haya ni ya majuu pekee. Hapa kwetu, mwalimu au askari anayechukua mkopo wa gari unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara yuko katika njia hiyo hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Uingereza nao wanakataza mpango wa gari kushusha mshahara chini ya kima cha chini cha taifa. Sheria hizi ni nzuri, zinamlinda mfanyakazi asirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini sheria inauliza tu kiasi gani kimebaki. Haiulizi kilichokatwa kilikuwa cha nani. Hilo swali limeachiwa dhamiri yako.

Basi afanye nini anayetaka gari kwa njia hii? Kwanza, awaambie wale waliomo ndani ya mshahara kabla hajatia sahihi. Si kuomba ruhusa kwa ukoo mzima, hapana. Ni kumwambia mama, "Kuanzia mwezi wa pili nitatuma kiasi hiki, si kile," ili naye apange maisha yake. Dhabihu inayoogopa kutajwa kwa anayeilipia ina kasoro. Pili, aulize itakuwaje akiugua au akiacha kazi kabla ya muda, kwa maana mara nyingi kuna malipo ya kuvunja mkataba. Yesu alishatufundisha juu ya mtu anayeanza mnara bila kuhesabu gharama (Luka 14:28). Tatu, akikuta kwamba hesabu inasimama tu kwa kumnyamazisha mtu, achukue gari dogo zaidi, au lililotumika, au angoje.

Wengine huuliza fungu la kumi lihesabiwe wapi, kabla ya gari au baada ya gari. Ni swali zuri, lakini katika Marko 7 Bwana hakuanzia hapo. Alianza na baba na mama. Hatuwezi kumtumia Mungu kuwakimbia wazazi, na kama hatuwezi kumtumia Mungu, hatuwezi kulitumia gari.

Nasi kanisani tujiangalie. Gari jipya likipigiwa makofi madhabahuni kuliko dada anayepanda basi huku akimlipia mdogo wake karo, tunawafundisha vijana wetu nini?

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani:

1. Taja watu waliomo ndani ya mshahara wako kwa ahadi yako. Wangapi wanajua makato uliyonayo?

2. Je, kuna mtu unayemwambia "sina" kwa sababu ya kamba uliyoifunga mwenyewe?

3. Wewe unayetumiwa pesa: ni lini mara ya mwisho ulimuuliza anayekutumia, "Na wewe unabaki na nini?"