Wema na Mizizi ya Okidi

Aliyezoea mawaridi anapoanza kukuza okidi, anakutana na swali la maadili kabla halijawa la bustani: je, kukitendea kiumbe wema ni kukipa kile ulichozoea kutoa? Waridi hupenda udongo wenye rutuba, samadi, maji ya kutosha na kupogolewa bila huruma. Okidi nyingi za nchi za joto, ikiwemo Ansellia africana inayoota juu ya miti ya Afrika Mashariki, hazihitaji udongo. Mizizi yake imevikwa tabaka jeupe kama sifongo, linalofyonza maji upesi kisha likataka hewa. Ukiifukia kwenye samadi mbichi, inaoza. Mkono ni uleule, nia ni ileile, na mmea unakufa. Kwa hiyo nia njema haitoshi, wala bidii. Ni lazima kwanza kuyajua maumbile ya anayepokea.

Atasema mtu kwamba huku ni kutetea uzembe. La hasha. Kuipanda okidi katika vipande vya magome na mkaa, na kungoja ikaribie kukauka kabla ya kuimwagilia tena, kunataka uangalifu mwingi kuliko kumwaga ndoo kila jioni. Pingamizi zito zaidi linatokana na kazi ya Lewis Knudson wa Marekani, aliyeonyesha mwaka 1922 kwamba mbegu za okidi, ambazo porini hulishwa na kuvu, zaweza kuota kwenye mchanganyiko wenye sukari bila kuvu yoyote. Je, si ushahidi kwamba binadamu anaweza kuyalazimisha maumbile? Naona kinyume chake: alifaulu kwa sababu alichunguza kwanza mbegu ilihitaji nini, akaipa hicho.