Ramli Iliyomuua Mjane

Palikuwa na msimamizi mmoja wa Dungeons & Dragons aliyechoshwa na visingizio vya wachezaji wake. Mchezo huo, uliobuniwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974, huchezwa kwa kusimulia: msimamizi anaeleza ulimwengu, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na dadu huamua jambo lenye mashaka. Tangu toleo la kwanza kila mhusika alikuwa na upande: Sheria, Fujo, au katikati. Baadaye wema na uovu vikaongezwa, pande zikafika 9. Mezani kwa msimamizi huyu pande hizo ziligeuka maficho. Mwizi akiwaibia wenzake, jibu lilikuwa, “Mhusika wangu ni wa Fujo, ndivyo alivyo.” Msimamizi akazifuta zote.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Balaa lilianzia kwenye orodha ya uchawi, kwa kuwa uchawi mwingi wa mchezo huu umejengwa juu ya pande hizo. Iko ramli ya kumtambua mwovu, liko zindiko la kujikinga naye, na liko neno takatifu linalowaangusha wasio wema waliosimama karibu. Kwa haraka ya kutaka mchezo uanze, msimamizi akachukua kalamu, na kila palipoandikwa “mwovu” akaandika “adui”. Aliposoma tena hakuona kasoro.

Wahusika wakaingia katika kijiji ambacho jeshi la mfalme wao lilikuwa limekiteka. Kuhani akapiga ramli sokoni, nayo ikamwonyesha mjane muuza mboga. Mwanawe aliuawa na jeshi hilo. Alikuwa na chuki moyoni, lakini mkononi hakuwa na hata kisu. Hakuna aliyemuuliza neno. “Ramli imesema ni adui,” kuhani akatamka, na panga likafuata. Baada ya mjane akauawa msaga nafaka, kisha kijana mchunga mbuzi. Msimamizi alipotaka kuwazuia, wachezaji walimwonyesha sheria aliyoiandika mwenyewe.

Wasomaji wa Tanzania hawahitaji kuelezwa hatari hii. Ramli chonganishi imewatoa uhai vikongwe wengi waliotajwa kuwa wachawi bila ushahidi. Ramli ya aina hiyo humwondolea mtu kazi ya kuuliza, na baada ya mauaji humpa pa kuegemeza lawama. Ndivyo ilivyokuwa mezani pale. Wachezaji walipoteza kisingizio cha upande, wakapewa kingine kibaya zaidi, maana “adui” ni yeyote anayekuchukia, hata awe na haki ya kukuchukia.

Kwa hasira, msimamizi akafanya kosa la pili: akafuta kila uchawi uliokuwa ukitaja uovu. Mara iliyofuata shetani akaingia katika akili ya shujaa wao mkuu, akamwamuru awachinje wenzake, na hapakuwa na kinga. Katika toleo la mwaka 2000, zindiko dhidi ya uovu lilifanya kazi 3: liliongeza ulinzi dhidi ya mapigo ya waovu, lilizuia akili ya mtu isitawaliwe wala asipagawe, na liliwazuia viumbe walioitwa kwa uchawi wasimguse. Ya kwanza ndiyo iliyotegemea hasa uovu wa mshambuliaji. Msimamizi alizitupa zote pamoja.

Funzo lake ni hili: usibadilishe jina la uchawi kabla hujajua kazi yake. Ramli ya uovu waweza kuielekeza kwenye aina ya kiumbe. Toleo la mwaka 2014 lilifanya hivyo: jina liliendelea kutaja uovu na wema, lakini ramli yenyewe hugundua mashetani, malaika, wafu wanaotembea na viumbe wengine wasio wa kawaida walio ndani ya futi 30, na haisemi lolote kuhusu moyo wa binadamu. Zindiko libakishe dhidi ya kupagawa na kutawaliwa akili, kwa sababu kazi hizo hazihitaji kujua nani mwema. Neno takatifu lifungamanishe na tendo: limwangushe aliyenajisi hekalu au aliyevunja kiapo alichokula mbele ya mungu wa hekalu hilo. Tendo lina mashahidi, na mtuhumiwa aweza kujitetea.

Kuondoa wema na uovu katika sheria za mchezo hakuviondoi mezani. Kunaikabidhi hukumu kwa wachezaji, na huo ni mzigo wa heshima: kumsikiliza mjane, kupima neno lake, na kubeba matokeo ya walichoamua. Msimamizi anayetafsiri uchawi upya ahakikishe kwamba kila ramli inaleta habari tu, na hukumu inabaki kwa watu walioketi mezani.