Uaminifu kwa Nani?

Mama aliniomba nitengeneze boksi moja. Nikatengeneza mawili, na shida ilianzia hapo.

Maboksi yenyewe ni spika za mbao za Uingereza, za miaka ya sabini. Baba alizinunua 1986 kwenye mnada, Mzungu fulani akifunga virago kurudi kwao. Zilifika sebuleni kwetu Buruburu kabla sijazaliwa na hazijawahi kuhama. Runinga imebadilishwa mara tatu, viti mara mbili, Baba mwenyewe ameondoka, lakini spika ziko palepale na vitambaa vya kufuma juu yake. Mwaka huu Mama alianza kulalamika kwamba ya kushoto "inapiga chini". Akaniita.

Mimi ndiye fundi wa nyumba. Niliacha uhandisi wa umeme nikiwa mwaka wa tatu, baada ya Baba kufa na karo kukatika, na siku hizi nakula kwa kuandika: makala za watu, maelezo ya bidhaa, wakati mwingine hata hotuba ya mtu wa kusimamia harusi. Lakini kwetu ukishasomea umeme hata miaka miwili na nusu, wewe ni injinia milele.

Ngoja nieleze kilicho ndani, kwa sababu bila hicho hutaelewa nilichofanya.

Ndani ya kila boksi kuna vipaza viwili. Kikubwa, wufa, ni cha besi na sauti za kati. Kidogo, twita, ni cha sauti nyembamba: matoazi, mlio wa nyuzi za gitaa, zile s na sh mtu anapoongea. Kati yao kuna kibao kinachoitwa krosova, na kazi yake ni kama ya makanga: wewe panda hii, wewe subiri ile. Kwenye spika zetu anayelinda mlango wa twita ni kapasita moja tu, ya mikrofaradi 4. Ukiiweka na twita ya omu 8, hesabu inakupa mpaka wa karibu hezi 5,000. Sauti za juu ya hapo zinapita, za chini yake zinapunguzwa polepole.

Viwanda vingi vya wakati ule vilitumia kapasita za elektroliti kwa sababu ni ndogo na ni rahisi kwa bei. Ndani yake kuna utando wa alumini ulioviringwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa majimaji ya kemikali. Miaka inapita, majimaji yanakauka, kapasita inabadilika. Haivunjiki. Haitoi moshi. Inabadilika tu, pole pole, kama mtu.

Nilizitoa nikazipima kwa mita niliyoazima kwa rafiki yangu fundi wa Luthuli Avenue. Ya kulia ilisoma 3.1. Ya kushoto ilisoma 2.6, na ukinzani wake wa ndani ulikuwa umepanda sana. Kwa 2.6 ule mpaka unahama kutoka 5,000 hadi karibu 7,600, na hata sauti zinazobahatika kupita zinafika zikiwa zimechoka. Yaani kwa miaka sijui mingapi tulikuwa tunasikiliza muziki kupitia blanketi, na hakuna aliyejua, kwa sababu blanketi lenyewe lilifumwa uzi mmoja mmoja.

Ningeweza kubadilisha ya kushoto peke yake, ile aliyolalamikia. Lakini fundi yeyote atakwambia spika ni mapacha, ukimtibu mmoja unamtibu mwenzake. Hiyo ndiyo sababu niliyompa Mama. Sababu nyingine sikuisema: nilitaka kuboresha. Nilinunua kapasita za plastiki, ambazo hazina majimaji ya kukauka, na nikajisikia injinia kweli.

Hapo kuna mtego ambao wengi wanaingia. Kapasita ya plastiki karibu haina ukinzani wa ndani. Ile ya zamani ilikuwa nao kidogo hata siku ilipotoka kiwandani, na aliyeibuni spika alipanga sauti yake akijua hivyo. Ukiweka kitu bora zaidi bila kufikiri, twita inaanza kupiga kelele ambayo mbunifu hakuikusudia. Kwa hivyo niliongeza rezista ndogo ya nusu omu, ili kifaa kipya kiwe na upungufu wa kile cha zamani. Nilijipongeza kwa hilo. Nilidhani nimeshafikiria kila kitu.

Jumamosi jioni nikawasha. Tulianza na Les Wanyika, halafu Mbaraka Mwinshehe. Gitaa ambalo nimelisikia tangu utotoni lilitoka likiwa na kucha. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akacheka. "Kumbe kulikuwa na kayamba hapo!" Nililala nikiwa na furaha ambayo mashairi ya harusi ya watu hayajawahi kunipa.

Jumapili baada ya kanisa, Mama alitoa kaseti yake.

Shosho yetu, mama yake Baba, aliishi ushago na mwishoni macho yalimwacha. Simu hakuitaka. Alichokuwa nacho ni redio kaseti ya nyimbo za kanisa, kwa hivyo Baba alimrekodia barua: anakaa mbele ya deki na maikrofoni, anamsalimia, anamweleza habari za watoto, anampa mtu anayesafiri. Shosho alipofariki kaseti zilirudi kwetu. Iliyobaki nzima ni moja, ya 2018. Baba alifariki 2019, mapafu, na daktari alituambia ugonjwa ulikuwa umekaa ndani muda mrefu. Mama huisikiliza kaseti hiyo Jumapili nyingine nyingine, wala hasemi kitu, anakunja nguo.

Nimeisikia mara nyingi. Ni sauti nzito, tulivu, ya mtu mwenye afya anayeongea polepole kwa sababu anaongea na mzee. Hivyo ndivyo nilivyokuwa naijua.

Jumapili hiyo nilisikia pumzi. Kati ya kila sentensi na nyingine kulikuwa na hewa inayovutwa kwa kazi, na mwisho wa kila pumzi kitu kama karatasi inayokwaruzwa. Akimwambia mama yake "mimi ni mzima kabisa", anasimama kabla ya "kabisa". Hakuwa anaongea polepole kwa ajili ya Shosho. Alikuwa anatafuta hewa.

Mama aliweka chini shati alilokuwa anakunja. Akaniambia, "Rudisha vile ilivyokuwa."

Nilimjibu kama mtoto wa shule. Nikamwambia sasa ndiyo iko sawa, kwamba ile ya kwanza ilikuwa imeharibika, kwamba hii ndiyo sauti ya kweli. Nikaanza hata kumtajia namba.

"Unafikiri sikujua?" akasema. "Nilikuwa nalala kando yake. Nilimsikia usiku wote. Lakini sikukuomba uniletee hiyo pumzi sebuleni."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwaza neno moja. Vyombo hivi vinaitwa hai-fai, ufupisho wa maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni uaminifu wa hali ya juu. Uaminifu. Neno lilelile la ndoa na la mtunza hazina wa chama. Lakini mtu haaminiki hewani tu, ni lazima awe mwaminifu kwa mtu au kwa kitu. Spika inapokuwa na uaminifu wa juu, ni uaminifu kwa nani?

Unaweza kusema: kwa aliyeibuni. Kwa hesabu hiyo nilifanya kazi safi, hadi ile nusu omu. Unaweza kusema: kwa sauti iliyorekodiwa. Hapo pia niko salama, maana ile pumzi ilikuwa kwenye kaseti siku zote, sikuiongeza mimi. Au unaweza kusema: kwa anayesikiliza. Na anayesikiliza alikuwa na miaka ya Jumapili na sauti fulani, sauti ambayo mbunifu hakuipanga na Baba hakuwa nayo, iliyotengenezwa na majimaji yanayokauka. Mimi niliifuta kwa saa mbili nikipiga mluzi.

Kuna kisa ninachokipenda cha enzi za gramafoni. Kuanzia 1915 kampuni ya Thomas Edison ilizunguka Marekani ikifanya maonyesho: mwimbaji anasimama jukwaani kando ya mashine, taa zinazimwa, watazamaji wanaambiwa wajaribu kutofautisha sauti ya mtu na sauti ya rekodi. Wengi waliondoka wakiapa kwamba hawakuweza. Mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alikuja kukiri miaka mingi baadaye kwamba alikuwa akiipunguza sauti yake ifanane na ya mashine. Watu walidhani mashine ndiyo inayomfuata mtu, kumbe mtu ndiye aliyekuwa anaifuata mashine.

Zamani kisa hiki kilinichekesha. Sasa naona ndicho alichofanya Baba. Mbele ya maikrofoni aliipunguza sauti yake ifanane na rekodi tuliyokuwa nayo vichwani, ya baba mzima, na sisi tukaapa hakuna tofauti.

Hapa lazima niwe mkweli: nilikasirika, na hasira yangu haikuwa juu ya spika. Mwaka ule wa 2018 karo yangu ililipwa kwa wakati, mihula yote. Sijui Baba alikuwa amekwenda hospitali mara ngapi, au alikuwa amekataa kwenda mara ngapi, na sitamuuliza Mama. Ninachojua ni kwamba kwenye nyumba hiyo watu wawili walijua na mmoja hakuambiwa, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa chuoni akijifunza kupima vitu. Kwa hivyo Mama aliposema "rudisha", sehemu yangu ilitaka kukataa. Ilitaka kusema: nyinyi mlinifunika blanketi, sasa nimelitoa, mvumilie baridi.

Rafiki yangu wa Luthuli nilipomweleza, aliona jambo rahisi. Mteja akitaka besi mpe besi, akitaka kelele mpe kelele, wewe lipwa uende. Kuna hekima hapo, lakini nusu. Fundi anayempa mteja chochote bila kumwambia kilichoko ndani anamdanganya kwa upole. Kama Mama angekuwa hajui kwamba Baba alikuwa mgonjwa, na angekuja kuniuliza, sina haki ya kumfichia kwa kapasita wala kwa kitu kingine.

Lakini hakuwa hajui, na hakuniuliza. Kujua jambo na kulisikiliza kila Jumapili ni vitu viwili. Ukweli ni deni: anayekudai lazima umlipe. Asiyekudai, ukimvamia nyumbani na noti mkononi, hujamheshimu, umejipunguzia mzigo wako. Pumzi ile ilikuwa yangu kuisikia, kwa sababu mimi ndiye niliyefichwa. Haikuwa yangu kumlazimisha Mama aisikie tena.

Na kosa langu lilianza kabla ya kaseti. Lilianza pale nilipoombwa boksi moja nikaona nyumba nzima inahitaji kuboreshwa. Tunafanya hivyo sana, sisi tuliosoma kidogo. Tunarudi nyumbani na mita, tunapima wazazi, tunakuta wamehama kutoka 4 hadi 2.6, na tunaanza kuwarekebisha bila kuuliza wanatumia hiyo 2.6 kufanyia nini.

Je, nikarudisha kapasita za zamani? Hapana. Ya kushoto ilikuwa inaelekea kufa kabisa, na mwaka mmoja ujao twita ingenyamaza na muziki wote ungekwenda nayo. Nilichofanya ni kuchimba tundu nyuma ya kila boksi na kuweka swichi. Si uvumbuzi, spika nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani na kirekebishi cha twita mgongoni. Swichi ikiwa juu, sauti inapita yote. Ikiwa chini, inapitia rezista ambazo nilizichagua kwa sikio, Mama akiwa amekaa kitini anasema "bado", "bado", "hapo".

Nilimwonyesha zote mbili, nikamweleza kila moja inafanya nini. Safari hii sikumtajia namba. Aliuliza tu kama ya chini ni uongo. Nikamwambia si uongo, ni pazia, na anayelivuta ni yeye.

Kapasita za zamani alinikataza kutupa. Ziko jikoni kwake kwenye mkebe wa Kasuku, pamoja na vifungo vya mashati. Kaseti nimeinakili kwenye simu yangu, na mimi huisikiliza kwa spika za masikioni, pumzi zote, hadi pale anaposema yeye ni mzima kabisa. Mama anajua ninayo. Hajaniuliza nasikia nini.